Mchanga wa Mto Usiokuwepo

Ghorofa ya tatu, Kurasini. Kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye ndoo ya rangi iliyokwisha,
nami nimetandaza mezani ramani ya pwani isiyo na pwani:
Kigamboni hakuna, Mafia hakuna,
na Bukini imetuegemea ubavuni
kama jirani wa ukuta mmoja ambaye hajafunga mizigo.

Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa:
kuuliza bahari ilikuwa wapi kabla haijawa bahari,
mto upi ulishuka, ukibeba nini, ukachokea wapi.

Mla ni mla leo, walisema, mla jana kala nini?
Wao walikejeli. Mimi nalipwa mshahara kwa swali hilo.
Wangwa wa jana ulikula nini? Mwani gani ulizama
ukazikwa topeni pasipo hewa, ukapikwa taratibu
kwa moto usio na kuni, milioni juu ya milioni ya miaka,
hadi ukatoka jasho la gesi?
Na jasho hilo likipanda, lipate chumba cha mchanga,
na juu ya mchanga kawa ya udongo mfinyanzi, isiyovuja.
Kikikosekana kimoja, umetoboa bahari bure.

Ndekirwa, mwenzangu, anasoma chavua kwa hadubini.
"Hapa palikuwa na misindano," anasema, "na ukame,"
kwa sauti ya mtu aliyerudi kutoka huko juzi.

Mitetemo ilinipa mistari tu, myeusi na myeupe,
kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi.
Ndani yake niliuhisi mto, ila sikujua
wapi uliacha mchanga, wapi tope.

Kilichonifundisha ni mafuriko ya Jangwani.

Maji yalipopungua nilimkuta Pazi ndani ya Msimbazi,
suruali imekunjwa magotini, jicho moja kwenye koleo,
la pili barabarani, kwa mgambo wa manispaa.
"Hapo unapochimba," nikamuuliza, "umepajuaje?"
Akacheka. "Mto ukikata kona, upande wa nje unakula,
upande wa ndani unatapika. Mimi nafuata matapishi.
Ng'ambo ile usiende, ni tope, hata tofali halishiki."

Nilirudi ofisini na matope kwenye soksi.
Nikachukua penseli nyekundu, nikatafuta kona ya ndani
ya mto uliokufa kabla ndege wa kwanza hajajua kuimba,
nikazungushia duara.

Miezi kumi na minne ya vikao kwa duara lile.
Tai shingoni, sambusa zimepoa, na swali lilelile:
"Una uhakika?"
Asilimia ishirini na mbili, nikasema.
Wakatazamana. Wakatia saini.

Nyumbani Tandika mama anapuliza mkaa;
mtungi wa gesi umekwisha tangu Jumanne.
Ananiuliza kazini tumepata nini.
"Mto," namwambia.
"Wenye maji?"

Meli ilitoboa siku hamsini na moja.
Saa tisa usiku simu ikalia. Mchanga upo,
kina kilekile, msafi, mnene kuliko tulivyoota.
Kisha kimya kwenye laini. Kisha:
umejaa maji. Ya chumvi.
Kawa ilikuwa na ufa; gesi ilikwenda zake
kabla duniani hakujawa na mtu wa kuisubiri.

Jumamosi nikashuka tena Jangwani, sijui nafuata nini.
Pazi alinisikiliza mpaka mwisho, koleo begani.
Habari ya gesi hakuiuliza.
"Huo mchanga mlioupata," akasema, "ni mkubwa au wa plasta?"
Mkubwa, nikajibu.
Akapiga mluzi, akahesabu kitu kwa vidole.
"Na tripu moja, mpaka Magomeni, mngeuza bei gani?"