Kitufe Chekundu

Ilianza harufu kabla ya moshi.
Si ya mfenesi unaounguzwa na visu butu,
hiyo naijua, naivuta tangu ujana.
Hii ilikuwa ya plastiki, tamu kidogo, mbaya,
kama kata iliyosahauliwa juu ya mkaa.
Mashine ya randa ikakohoa mara moja
ikanyamaza,
na ubao wa samadari ungali mdomoni.

Nikafungua kiboksi. Masizi.
Unga wa mbao wa miaka kumi na moja
umeshindiliwa kama mchele kwenye pishi,
na vile vidole viwili vya shaba vilivyozoea kukutana
kimoja kimeyeyuka, kimoja kimejikunja,
havitajuana tena.

Harusi Ijumaa. Siku hiyo Jumapili.
Wete hakuna. Chake hakuna.
"Mpaka Unguja, mzee, kwa mtu wa boti."
Basi nikafanya wafanyavyo mafundi wote
wenye harusi ya mtu shingoni:
nikazikata nyaya, nikazisokota,
tepu nyeusi mizungo saba, bismillahi,
ikanguruma.
Nikajiona mjanja. Nikamwambia Faki,
"Unaona? Swichi pambo tu.
Kuwasha, chomeka. Kuzima, chomoa."

Jumanne, saa tano, umeme ukakatika.
Limbani nzima ikasikika ghafla:
kuku, kinu cha jirani,
redio iliyokufa katikati ya neno.
Plagi sikuichomoa.
Naliandika kama lilivyokuwa: sikuichomoa.
Nilikwenda kunywa kahawa kwa Mbarouk
tukalisema Shirika mpaka kikombe cha tatu.

Faki ana bidii, na bidii nayo ina khatari zake.
Akaona ndiyo nafasi ya kusafisha.
Akaingiza brashi. Haikufika.
Akaingiza mkono, akachokoa maranda
baina ya visu, mpaka kwenye kifundo.

Kisha akautoa, ajikune shingo.
Mbu, au unga wa mbao, hakumbuki.
Umeme ukarudi huko unakotokea,
Tanga, chini ya bahari,
bila hodi.

Brashi ililiwa yote.
Nilimkuta amekaa kwenye maranda
anahesabu, kumi,
anarudia, kumi,
kama mtoto wa chuoni asiyeamini jibu lake.

Swichi ilifika Alkhamisi, imefungwa gazeti,
shilingi elfu arubaini na tano na nauli.
Akaja kuifunga Riziki wa Shaame,
aliyesomea umeme Vitongoji,
binti mdogo, bisibisi kaitia kwenye mkunjo wa mtandio.
Kwanza alichomoa plagi
akaiweka sakafuni mbele ya macho yake,
kama mtu anavyomlaza mtoto asiyemwamini.
Akatazama mizungo yangu saba.
Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Akapuliza, akasugua, akakata nyaya mpaka shaba safi,
akakaza parafujo, akavuta kila waya kuujaribu.
"Hiki cha kijani kila mtu anakipenda," akasema.
"Lakini baba, kuwasha hata radi huwasha.
Swichi tunanunua kwa sababu ya hiki chekundu."
Akanionesha kikoili ndani, kidogo kama kitovu cha kikoi:
umeme ukiondoka, huachia.
Ukirudi, hukuta pamefungwa,
husubiri nje kama mgeni mwenye adabu
mpaka mtu aje, kwa kidole chake, aseme karibu.

Samadari lilifika Jumamosi.
Maharusi walilala juu ya mkeka,
na maneno ya mkwe nimeyapokea yote, hata yasiyonihusu.

Sasa Faki kabla hajasafisha
hutembea mpaka ukutani, huchomoa,
hurudi, hukibonyeza kitufe chekundu
juu ya mashine iliyokwisha kufa,
mara mbili.
Wateja humcheka.
Mimi husimama hapo, randa ya mkono kwapani,
najifanya naangalia ubao,
navihesabu vidole vyake.