Kipindi cha Pili, Hombolo

Sechelela anakuja na utomvu wa mizabibu vidoleni,
kalamu inamganda.
Anaikandamiza mpaka "m" yake
inasomeka na ukurasa wa chini.
Taratibu, mama, nasema. Herufi haikimbii.

Kipindi cha kwanza ni changu.

Cha pili tunasukuma madawati ukutani,
anakaza kanga kiunoni,
muheme anaubana magotini
kama mtoto anayesukwa.
Nami napewa wangu.
Mikono hii yenye cheti cha Mpwapwa
inapiga penye kimya.

Anawanyamazisha wote kumi na wanne.
Ananitazama
vile ninavyomtazama akisahau nukta.

"Umeruka mstari, mwalimu.
Rudi juu.
Soma tena."