Mkaguzi Namba Ishirini na Saba

Kalamu hii nimeinunua kwa yuan tisa.
Bakuli la tambi kwa Mzee Bu ni kumi na nne,
na tambi huisha.

Ruifang ameacha kuuliza. Vifurushi vikifika
huviweka juu ya jokofu, kimya,
kama mtu anayemtilia paka maziwa
na hataki aonekane anampenda.
Juzi tu ndipo aliponena:
"Mia mbili na sita, Dehai.
Na mkono ni huohuo mmoja."

Kweli. Mmoja, tena una grisi.
Mchana natengeneza lifti za Nanjing,
navitia vidole gizani, ghorofa thelathini chini ya soli zangu.
Usiku nanawa kwa sabuni ya unga, nakaa, nafungua:
ya kijani, plastiki tupu, inang'aa kama peremende iliyolambwa;
nyeusi ya shule, jina la mtoto limechongwa ubavuni kwa sindano;
nyekundu inayovuja; nyekundu nyingine inayovuja
(hii niliapiwa kwamba haivuji);
na zile za zamani, nibu imejificha, ncha tu nje,
kobe anayechungulia kama mvua imekatika.

Wenzangu wakijaribu nibu huandika "milele",
alama moja yenye mistari minane.
Mimi nachora nane yenyewe. Nane iliyolala, nane juu ya nane,
mnyororo usiosema kitu.
Ndivyo alivyofanya mama.

Tao Guizhi, kiwanda cha kalamu, meza ya tatu dirishani,
miaka kumi na tisa.
Chovya. Chora nane. Sikiliza.
Hakutazama, alisikiliza: nibu mbovu, alisema, hukohoa.
Nzima kulia, mbovu kushoto,
na ndani ya kila kisanduku kipande cha karatasi
chenye muhuri wa namba yake.
Kusoma hakujua.
Kalamu zilizopita mkononi mwake ziliandika mitihani,
barua za posa, hati za kumkamata mtu,
na yeye, siku ya mshahara, alitia dole gumba.

Basi nikisema kweli, mimi sikusanyi kalamu.
Natafuta karatasi.
Kila kisanduku kikuukuu, kabla sijaigusa kalamu,
nainua kitambaa cha chini:
Kumi na nne. Arobaini. Tisa. Hamna. Mende mkavu.
Tisa tena. Huyu tisa ni nani, mwenye bidii hivi?

Jumamosi, nyuma ya kituo cha mabasi,
mjane mmoja alikuwa ametandaza shuka, vitu vya mumewe juu yake:
kinyozi cha umeme, saa mbili, miwani.
Kisanduku kilichopauka. Yuan tisa, hakushuka, hakupanda.
Ishirini na saba.
Muhuri umekaa upande,
kama uliogongwa na mtu anayetazama pengine.

Sikula. Niliijaza wino, mpira wake bado unanyonya, ajabu,
nikachora nane.
Ikakwaruza.
Nane ya pili ikakohoa, ikakatika kiunoni, ikatema tone.
Mama! Hii uliipitishaje?

Nikaisogeza karatasi kwenye taa.
Kwa zambarau iliyofifia: tarehe nane, mwezi wa kumi na moja,
mwaka niliozaliwa.
Mimi ni wa tarehe tisa, alfajiri.

Msasa laini ninao, wa kulainishia nibu,
mizunguko ishirini tu. Nimezitendea hivyo mia na zaidi,
zikateleza kama uongo.
Nikauchukua. Nikaurudisha droo.
Ruifang alikuwa mlangoni, taulo kichwani.
"Hiyo inapiga kelele," akasema.
"Ilikuwa na haraka," nikamjibu,
naye akanitazama, akaenda kupasha mchuzi.

Sasa naandikia hiyo orodha ya soko,
kitunguu, siki, balbu ya chooni,
polepole,
sikio karibu na karatasi.