Usiku wa Nyanya

Katika lugha yangu saa hufuata jua:
likichomoza twaanza moja, likizama twaanza moja tena.
Hapa Hveragerði hesabu hiyo imenishinda.
Desemba jua linakuja saa tano na ushei,
saa tisa na nusu limeshaaga.
Juni nalo huzama kwa adabu tu,
kama mtu afumbaye macho wakati wa sala
huku akihesabu viatu vya wenzake.

Steinvör analima nyanya ndani ya vioo.
Mvuke wa ardhini unapasha mabomba,
taa mia mbili na arobaini zinaning'inia
na theluji ya nje imekuwa rangi ya chungwa.
Ukiwa barabarani kwenye kilima
mji unaonekana kama makaa
yaliyosahauliwa na mpishi.

Saa mbili usiku swichi inasema: tk.
Giza.
Mnyanya hauvumilii mwanga mfululizo,
majani yake hupauka, hujikunja,
kama uso wa mfiwa siku ya tatu.
Basi nyanya zimepewa usiku wao,
saa sita kamili,
umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni
na mtaalamu ametia sahihi.

Steinvör hana karatasi.
Ana simu chini ya mto, inayong'aa kila mtu anapomkumbuka.
Ana taa ya baraza ya jirani.
Ana vidonge vya kulala na vidonge vya kuamka,
na siku moja alivichanganya
akashinda amesimama jikoni na kijiko mkononi
akijaribu kukumbuka kama amekula.

Juni iliyopita alibandika madirishani
ile karatasi ya fedha ya kuokea samaki.
Mwanga ukatafuta, ukatafuta,
ukaona tundu moja penye pembe,
ukaingia kama mdai.
Saa tisa usiku sululu wanalia mbugani
utadhani wanalipwa kwa kila mlio.

Bibi yake, Guðfinna, aliyezaliwa katika nyumba ya udongo na majani,
alikuwa akisema:
*Jua likizama hatukuwasha taa papo hapo.
Mafuta ya ini la papa yalikuwa ghali.
Tulijilaza, nyumba nzima, wakubwa na watoto,
tukaliacha giza likomae.
Ndipo taa ikawashwa, sufi ikasokotwa,
mmoja akatusomea.*
Kwetu kulala magharibi ni kujitafutia balaa.
Nilitaka kumwambia Steinvör hivyo
tukipanga nyanya masandukuni, sita kwa sita.
Nikatazama macho yake, mekundu kuliko mzigo wetu,
nikaumeza mwiko wangu.

Jumanne moja ya Januari, saa mbili kasoro,
alipita mbele yangu akiburuta godoro.
Hakueleza. Alilitandika kati ya safu ya tisa na ya kumi,
karibu na boksi la nyuki.
Tk.
Nyuki mmoja alinguruma kidogo, akanyamaza.
Harufu ya majani ya mnyanya ikashuka,
kali, kama sarafu iliyoshikwa sana.
Nilifunga mlango taratibu.

Saa nane taa ziliwaka. Alitoka
na alama ya mshono wa godoro shavuni,
akasimama kwenye theluji bila koti, akicheka peke yake.
Saa sita! aliniambia, kama mtu aliyeokota pesa.
Saa sita, na sikuota kitu.

Wiki ya pili nikaona swichi imesogezwa.
Imesomeka saa tisa na nusu.
Karatasi ya mtaalamu ilikuwa palepale,
sikuigusa.

Nyanya zilichelewa kuiva siku nne.
Mnunuzi wa Selfoss akapiga simu, akapiga tena,
mwanga mdogo wa buluu
ukarukaruka juu ya meza ya kufungia mizigo.
Niliifunika kwa glavu.