Jaribio la Tatu

Idara ya Jiografia iko ghorofa ya pili,
mwisho wa korido, baada ya choo kisicho na maji.
Mlangoni kuna ramani ya mkoa, imenizidi umri,
imepauka upande unaopigwa na jua: Rombo inakaribia kufutika,
na pale palipoandikwa Moshi pametoboka
kwa vidole vya wote waliowahi kusimama wakasema,
"Sisi tuko hapa."

Dokta Aikaruwa Mlay hufundisha habari za mito
bila kupandisha sauti.
Anaandika ubaoni: eneo mara kasi.
Kisha anageukia dirisha, upande wa mlima,
ambao leo haupo,
umejifunga wingu kichwani kama mwenye jino.
"Kesho mje na utepe, saa, kandambili,
na machungwa matatu. Yasiwe yameiva sana."

Tukayanunua Mbuyuni kwa mabaki ya bumu,
mimi, Ndekirwa na Habiba wa Korogwe.
Muuzaji akauliza, "Mnampelekea mgonjwa?"
Habiba akajibu, "Tunaupelekea mto."
Akatupunguzia shilingi hamsini, kwa huruma.

Mto wenyewe haukuwa mto.
Ulikuwa mfongo, Kibosho, chini ya migomba,
upana wa hatua moja ya mtu asiye na haraka.
Tukapima mita kumi, tukachomeka vijiti.
Habiba juu na chungwa, mimi chini na saa ya simu,
Ndekirwa katikati na daftari, tope magotini,
akilaani siku aliyoacha kuchagua Uhasibu.

Jaribio la kwanza: sekunde ishirini na sita.
La pili: ishirini na tisa, lilijikwaa kwenye gome la mgomba.
La tatu halikufika.
Pale mfongo unapokata kona
alikuwepo mtoto, kaptura ya shule, kifungo hana,
akaliopoa, akalifuta tumboni,
akalimenya kwa meno huku anatutazama,
taratibu,
kama msimamizi wa mtihani.

Nikasema tuweke wastani, nani atajua?
Ishirini na saba na nusu. Namba nzuri, ina adabu.
Dokta alikuwa nyuma yangu.
"Andika ulichokiona."
Nikaandika: Jaribio la tatu, chungwa limeliwa.

Ndipo akatokea mama wa mtoto, jembe begani,
Mama Eliaichi, tulijua jina baadaye.
Akatazama vijiti, utepe, daftari, akatutazama sisi.
"Mnapima nini Jumanne?
Zamu ya huku ni Alhamisi.
Haya ni makombo, wa juu wameshashiba."
Ndekirwa akaacha kuandika.
Dokta Mlay, miaka kumi na tisa ya kufundisha mito,
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
akaniomba karatasi.
Akamuuliza yule mama: wa juu ni nani? Zamu hupangwa wapi?
Na anayeiba usiku, anafanywaje?
Alijaza kurasa mbili, na nyuma ya karatasi ya mahudhurio.

Alhamisi tulirudi. Hakuna aliyetutuma,
na mchana huo tulikuwa na jaribio la Takwimu
ambalo Ndekirwa alikuja kulipia kwa sapu.
Machungwa manne safari hii.
Maji yalikuja na sauti kabla hayajaonekana,
yamebeba majani, kiatu kimoja, povu la rangi ya chai.
Sekunde kumi na moja.
Kumi na moja tena.
Kumi, na Habiba akapiga kelele hadi kuku wakatawanyika.
La nne tuliliweka juu ya jiwe penye kona.
Mtoto alikuwa shule.

Usiku, maktaba, umeme ukienda na kurudi,
nikafungua jedwali tulilopewa na Idara:
kituo, upana, kina, muda.
Siku haikuwa na safu yake.
Nikachukua rula, nikaichora pembeni mwa ukurasa.
Imepinda kidogo.