Maji Katika Chokaa

Kutaisi, ukuta wa nyuma wa soko.
Usiku Nestani alimchora waziri
akitafuna kura kama mkate wa moto,
makombo yamemjaa ndevuni.

Asubuhi manispaa ikanituma na ndoo.
"Futa, Otari. Ni uchafu."

Nimefuta mengi, huu mwaka wa kumi na tisa:
matusi, mioyo ya wapenzi,
namba za simu za mafundi bomba.
Uchafu naujua.
Muuza jibini alicheka hadi akaketi juu ya viazi,
naye hakuwa amecheka tangu mwanawe akamatwe.

Nikazidisha maji katika chokaa.

Mvua ya kwanza, ndevu zikarudi.
Ya pili, meno.

Sasa nimesimama mbele ya meza yenu, mwaniuliza:
maji kiasi gani, kwa amri ya nani?
Andikeni, waheshimiwa:
ingekuwa ya uongo, mngeicheka nanyi.

Mwenzangu kapewa rangi ya mafuta, nyeusi.
Kapaka mara tatu. Imekauka, inang'aa.
Na watoto wakipita huko wanaonyesha kwa kidole:
hapo chini, bado anatafuna.