Kwa Opere, Aliye Iskandaria

Picha yako imefika, imekunjika pembe moja.
Ngome mdomoni mwa bahari, na nyuma umeandika:
"Hapa uliposimama mnara wa taa. Tetemeko likauangusha,
mawe yake wakajengea ngome. Nyinyi huko mna nini?"

Nimeicheka hiyo "nyinyi huko".
Miaka sita tu ya chumvi, na gati umeshalisahau?

Tuna saa ya mnara, Opere, na kila uso una saa yake.
Mama alikwenda kanisani kwa uso wa sokoni,
akarudi kwa uso wa ziwani,
akasema ibada ilikuwa ya dakika tatu.

Tuna stesheni ambako nyasi zilipanda mabehewa bila tiketi,
na mbuzi wakawa wakaguzi.

Tuna jina. Kisuma: mtu katoka na kikapu kitupu
mwaka wa njaa, haendi kuomba, anakwenda kubadilishana.
Kabla ya reli, kabla ya ramani kutubandika jina la mke wa mtu,
mji huu ulikuwa kitendo.

Na tuna babu yake baba.
Ulikuwa ukisinzia kila iliposimuliwa, basi nakuandikia.
Meli ya kwanza haikuja kwa maji,
ilikuja kwa mabega:
vipande vipande, kila kimoja na namba,
toka pwani, kuvuka nyika, kupanda na kushuka kuta za Bonde.
Babu alitwishwa chake huko juu Nandi,
bati la chuma, matundu kumi na moja ubavuni.
Akadhani ni mlango.
Njia nzima akajiuliza ni nyumba ya nani hiyo
yenye mlango mzito kuliko ndama.
Alipoutua ufukoni waliandika kitu kitabuni,
wakampa chumvi na shanga. Hawakumwambia.
Siku alipouona mlango wake unaelea, unafuka moshi,
alikaa chini akacheka mpaka akalia.
Tangu hapo, kila honi ilipolia:
"Fungeni mlango wangu, baridi inaingia!"

Baba naye, chelezoni,
miaka ishirini na saba na nyundo ya riveti.
Sikio la kushoto alilipoteza huko huko.
Unakumbuka? Siri zetu zote tulizinong'ona upande ule,
na yeye akitikisa kichwa kama anayesikia.

Kisha likaja gugu maji,
zulia la kijani, maua ya zambarau,
zuri kama uongo.
Likalala hadi kwenye ngazi za gati.
Winchi ikainamisha shingo. Makarani wakaanza kuuza mitumba Kibuye.
Baba alikwenda kila asubuhi na kofia yake ya kazi,
akasimama, akarudi.
Hilo hukuliona, ulikuwa umeshaondoka. Sikulaumu.
Nakulaumu kidogo.

Juzi honi imelia.
Nilikuwa nakanda unga, nikatoka na mikono hivyo hivyo,
na jirani, mama Nekesa, akatoka na mwiko.
"Mafuta ya Uganda," akasema mtu.
Nikajisikia natamka maneno ya babu, peke yangu, barabarani.

Unamkumbuka mwalimu Shikuku?
Alichora ziwa ubaoni, akaandika Jinja, akauvuta mto kwa chaki,
mstari ukafika ukingo wa ubao
naye hakusimama, akaendelea ukutani,
juu ya dirisha, karibu na dari.
Akapiga plasta kwa kidole: "Unamwagika hapa. Misri."
Mstari ule haukufutwa hadi walipopaka rangi.

Kwa hiyo usiniulize tuna nini.
Jana nimelifua shati la baba, lile la kutu isiyotoka,
nikalisuuza ufukoni, pale penye mawe.
Maji yana safari ndefu, na njiani mashamba ya watu yana kiu.
Lakini wewe nenda kwenye ngome yako jioni moja,
chovya kidole, onja.
Ukiona chumvi imelegea, hata kwa chembe,
ni sisi.
Tufungulie mlango.